Vyumba Elfu Sita

Simu ya maandishi ilifika saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, na Kuluthumu binti Shomari aliisoma akiwa amesimama, kwa sababu habari mbaya ukiisoma umeketi, nayo inakukalia.

KAZI YENU IMEKATALIWA. KUMBUKUMBU HAIKUTOSHA. NAFASI YA PILI JUMATATU SAA KUMI JIONI. VYUMBA ELFU SITA TU. LETENI MAKADIRIO SAHIHI. HAKUNA NAFASI NYINGINE KABLA YA NOVEMBA.

Aliisoma tena, safari hii akihesabu siku. Ilikuwa tarehe tisa Agosti, mwaka wa sabini na nne. Malori ya kuwahamisha watu wa misitu ya Usinge kwenda vijiji vipya yalipangwa kuanza tarehe ishirini. Siku kumi na moja. Na gari moshi la Dar es Salaam lilikuwa likiondoka Tabora leo saa kumi na moja na nusu jioni.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili vya bati, na kazi yao ilikuwa moja tu: kuandika wagonjwa wa malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Malale ni ugonjwa mnafiki. Mtu anatibiwa, anapona, anarudi shambani, kumbe umejificha kichwani unamsubiri. Kwa hiyo aliyetibiwa lazima aangaliwe kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka miwili. Akipotea, amepotea.

Kuluthumu alijua maana ya kupotea. Mwaka uliopita wakazi wa kijiji kimoja cha msituni walihamishwa, wakagawanywa katika vijiji vitano, na hakuna aliyeziambia zahanati huko ni nani miongoni mwao alikuwa mgonjwa. Alipozunguka na Landrova miezi minne baadaye alikuta makaburi kumi na moja. Akamkuta pia mama mmoja aitwaye Leonia, amelala kichwa kimeinama juu ya chungu, mwiko ungali mkononi, uji unaungua. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuzoea. "Mama anasinzia tu," walisema. Leonia alikufa wiki ile ile.

Safari hii wagonjwa walikuwa elfu moja mia tisa na kumi na wawili.

"Kaka Kornel!" aliita. "Njoo na karatasi yako ya makadirio. Na kalamu."

Kornel alitoka chumba cha pili. Alikuwa mtu wa Usinge, mwenye miaka arobaini na mitano, zamani dresa, mfunga vidonda wa hospitali, sasa karani wa takwimu. Mtaratibu, mwandiko mzuri, hajapata kuchelewa kazini. Alipoisoma simu, uso wake ulilegea.

"Mama Saidi, mimi nilikadiria vizuri. Nilihesabu mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu. Keti."

Kompyuta ilikuwa Dar es Salaam, katika chumba chenye baridi ya kuhifadhia nyama. Kuluthumu aliwahi kuiona. Baada ya stashahada yake ya takwimu alipelekwa kozi ya miezi sita, akafundishwa kuandika programu kwa lugha iitwayo Kobol, na jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba mashine ile, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa na kichwa kidogo. Kumbukumbu yake imegawanywa katika vyumba. Kila chumba kinabeba herufi nne, basi. Au, ukiiambia mashine kwamba kilichomo ni hesabu wala si maandishi, chumba hicho hicho kinabeba namba moja nzima, hata ifike milioni nane. Programu yenyewe inakula vyumba, na data nayo inakula vyumba, na kabla ya kupewa nafasi unajaza fomu ya makadirio. Ukiandika vingi kuliko ulivyopewa, hawakupokei. Ukiandika vichache ili wakupokee, mashine yenyewe inakuumbua: inajaa, inasimama, kazi inatupwa nje.

Yao ilikuwa imetupwa nje.

Programu haikuwa ngumu. Ingesoma kwanza kadi za wagonjwa wote, zilizotobolewa na kubaki Dar tangu mara ya kwanza, na kuwashika wote kichwani. Kisha ingesoma mkanda wa sumaku wa uhamisho, ambao ulikuwa na kila kaya ya misitu ile pamoja na jina la kijiji inakopelekwa. Kila ikikuta kaya yenye mgonjwa, ingechapa: mgonjwa huyu, kijiji hiki. Lakini mkanda ulikuwa wa watu wengine, nao walikubali upitishwe mara moja tu. Kwa hiyo wagonjwa wote walitakiwa wawe ndani ya kumbukumbu kwa pamoja, wamesimama tayari.

Kuluthumu aliikunjua karatasi ya Kornel mezani, akaweka kidole.

"Hapa umesema kila mgonjwa anachukua vyumba vitano na robo. Hii robo umeipata wapi?"

"Nimehesabu herufi," Kornel alisema. "Namba ya kaya, herufi tano. Namba ya mtu ndani ya kaya, mbili. Jina, kumi na mbili. Mwezi alioangaliwa mara ya mwisho, mbili. Jumla ishirini na moja. Chumba kinabeba nne. Nikagawa."

"Na robo ya chumba inakaa wapi?"

Kornel alirudia kugawa kwa kalamu, akapata robo ile ile.

"Nakuuliza, kaka yangu. Inakaa wapi? Inaomba hifadhi kwa jirani?"

"Mama Saidi, usinicheke."

"Sicheki. Ningekuwa na nafasi ya kucheka ningecheka. Jinsi tulivyoiandika, kila thamani inaanza chumba chake. Mwezi wako wenye herufi mbili unachukua chumba kizima. Nusu inabaki tupu, lakini ni yake, hakuna mwingine anayeingia. Namba ya kaya ina herufi tano: nne zimejaza chumba, ya tano imechukua chumba cha pili peke yake, kama bwana. Hesabu upya."

Kornel alihesabu. Kaya, viwili. Mtu, kimoja. Jina, vitatu. Mwezi, kimoja. Saba. Mara elfu moja mia tisa na kumi na wawili: elfu kumi na tatu mia tatu themanini na nne. Kabla ya programu yenyewe, iliyotaka elfu moja na mia tano.

Kornel aliitazama ile hesabu kama mtu aliyeonyeshwa nyoka chini ya kitanda alicholalia.

"Unajua nimefanya nini?" alisema polepole. "Nimepima asali."

Kwao walikuwa warina asali. Tangu utoto wake, siku ya kupima, asali ilipandishwa kwenye mizani ikiwa ndani ya kilindo chake cha gome la mti, kisha mpimaji akatoa uzito wa kilindo. Asali ndiyo asali, chombo hakihesabiwi. Ukimwona mpimaji anahesabu na chombo, huyo mwizi, mnamfukuza. Kornel alikuwa amezitoa herufi katika vyumba vyake na kuzipima peke yake, kwa uaminifu kabisa, kama alivyolelewa.

"Umepima kama mnunuzi," Kuluthumu alisema. "Babu yangu alikuwa mpagazi, Tabora mpaka Bagamoyo, na kurudi. Yeye hakubeba asali. Alibeba asali, na kilindo, na kamba, na bega lilikuwa ni lile lile. Mashine ni mpagazi. Haya, saa nne hiyo. Tuna vyumba elfu sita."

*

Kupunguza si kugumu ukijua unachokitafuta. Kwanza aliiondoa namba ya kaya katika maandishi akaifanya hesabu: vyumba viwili vikawa kimoja. Jumla sita kwa mgonjwa. Elfu kumi na moja na mia nne na kitu. Bado mbali sana.

Alitoa elfu moja na mia tano za programu katika elfu sita, zikabaki elfu nne na mia tano. Akazigawa kwa wagonjwa.

"Viwili," alisema. "Kila mtu apate vyumba viwili na asiombe zaidi."

"Viwili! Jina peke yake vitatu."

"Ndiyo. Jina linatoka."

Kornel aliweka kalamu chini. "Hilo kamwambie mkuu wetu, Ndugu Damas, mwenyewe. Mimi nina watoto."

"Na mimi nina wanne. Nitamwambia. Tumalize kwanza."

Bila jina zilibaki thamani tatu: kaya, mtu, mwezi. Vyumba vitatu. Jumla, pamoja na programu, elfu saba mia mbili thelathini na sita. Bado. Kuluthumu alisimama dirishani. Nje upepo wa kiangazi ulikuwa ukivumisha vumbi na harufu ya misitu iliyochomwa. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo.

Aligeuka. "Kaya na mtu tuviweke chumba kimoja. Kaya ya elfu nne mia moja ishirini na saba, mtu wa tatu. Zidisha kaya kwa kumi, ongeza tatu. Inakuwa arobaini na moja elfu mia mbili sabini na tatu. Namba moja, chumba kimoja. Ukitaka kumtoa, unagawa kwa kumi: jibu ndilo kaya, baki ndilo mtu."

Walijaribu kwa mkono, wakitumia daftari lililokuwa karibu, la wagonjwa wachache wa Ntalikwa, pale pale nje ya mji. Mmoja baada ya mmoja waliingia katika chumba kimoja na kutoka wakiwa wazima. Vyumba viwili kwa mgonjwa: elfu tatu mia nane ishirini na nne. Pamoja na programu, elfu tano mia tatu ishirini na nne.

"Imeingia," Kornel alisema, kwa sauti ya kanisani.

"Haijaingia. Haina sahihi."

*

Ndugu Damas, mkuu wa ofisi, alikuwa mtu wa makamo, mwalimu wa zamani, mwanachama wa chama tangu siku za kuchangishana senti kwa siri. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Hapana."

"Ndugu Damas..."

"Nimesema hapana, Bi Kuluthumu. Unajua baba yangu alikuwa nani? Alikuwa manamba. Alichukuliwa hapa Tabora akapelekwa mashamba ya mkonge Tanga, akafungwa kibati chenye namba. Miaka sita hakuna aliyemwita kwa jina. Aliporudi, ukimwita alikuwa anachelewa kuitika. Leo tuna nchi yetu, tuna serikali yetu, na wewe unaniletea karatasi nitie sahihi ya kuwafanya wananchi elfu mbili kuwa manamba?"

Hoja ile haikuwa ya kupuuza, na Kuluthumu hakuipuuza. Lakini saa ilikuwa saa saba na nusu.

"Pole kwa baba yako," alisema. "Sasa nikuulize. Ukienda Isevya ninakokaa, ukamuuliza mtu nyumba ya Kuluthumu, utaonyeshwa?"

"Kwa nini nisionyeshwe?"

"Hutaonyeshwa. Watakutazama tu. Uliza Mama Saidi, mtoto wa miaka minne atakushika mkono akulete. Na huko Usinge ndivyo hivyo hivyo. Mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Kaka Kornel, lete daftari."

Kornel alilifungua. Kuluthumu alisoma akifuata kwa kidole safu ya jina la kuitwa, ndiyo iliyokwenda kwenye kadi; jina la kuzaliwa lilikuwa pembeni. "Mama Jilala. Mama Jilala. Mama Jilala wa kisimani, huyu amekatwa kwa sababu herufi kumi na mbili zimekwisha, kwa hiyo kwenye kadi naye ni Mama Jilala tu. Nimewahesabu. Wako thelathini na mmoja. Na kwenye mkanda wa uhamisho wameandikwa majina waliyozaliwa nayo, Kashindye, Amne, sijui nani. Sasa niambie mashine itamkutanisha nani na nani kwa jina? Jina limechukua nusu ya nafasi na halifanyi kazi yoyote. Limekaa tu kama mgeni wa siku ya saba."

"Jina si la kufanya kazi. Jina ni heshima."

"Heshima ya Leonia ilikuwa wapi? Jina lake tulikuwa nalo, Ndugu Damas, limeandikwa vizuri sana, kwa wino. Hatukuwa na kijiji chake."

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. Kornel alitazama sakafu. Ndugu Damas aliivuta ile fomu, akaisoma kutoka juu, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi asiyempenda.

"Orodha ikirudi," alisema hatimaye, "haitoki ofisini humu ikiwa na namba tupu. Kila namba itaandikwa jina lake, kwa mkono, jina kamili na la kuzaliwa, kutoka kwenye madaftari. Wote elfu moja mia tisa na kumi na wawili. Hata mkikesha."

"Tutaandika."

"Na mimi nitaandika." Akatia sahihi, akaukausha wino kwa pumzi. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Bi Kuluthumu. Huu tutaubeba sote tuone uzito wake."

*

Saa kumi na moja kasorobo walikuwa stesheni. Karatasi za programu zilikuwa zimeandikwa upya, kurasa tisa, zimefungwa kwa uzi ndani ya bahasha ya kahawia, na Kornel alikuwa ameibana kwapani kama mtu aliyebeba yai la mbuni. Angefika Dar kesho yake usiku; Jumatatu alfajiri angewakabidhi mabinti wa kutoboa kadi, angesubiri hapo hapo, na saa kumi angeingia na kadi zake chumba cha mashine.

"Usilale na bahasha. Lala juu yake," Kuluthumu alimwambia.

"Mama Saidi, mke wangu mwenyewe hanitumi hivi."

"Mke wako ana huruma. Panda."

Kornel alipanda, akajipenyeza mpaka dirishani, daraja la tatu. Kengele ya kwanza ikalia. Mbele ya mlango wa behewa lile lile kulikuwa na msongamano wa watu wa familia moja, wafugaji wa upande wa Igunga kwa mavazi yao, na vibuyu, na mikeka, na kuku miguu juu. Mzee wao alikuwa amesimama chini, fimbo mkononi, akimgusa kila mmoja begani anapopanda, akihesabu kwa sauti.

"Saba. Nane. Wewe, shika mtoto. Tisa. Kumi. Masolwa yuko wapi? Kumi na moja. Kumi na mbili..."

"Mzee, unahamisha kijiji?" kuli mmoja alimtania.

"Hawa ni wa nyumbani tu," mzee alijibu bila kugeuka. "Kumi na tatu."

Kuluthumu alimgeukia.

Kumi na tatu. Kaya mia nne kumi na mbili, mtu wa kumi na tatu. Zidisha kwa kumi: elfu nne mia moja ishirini. Ongeza kumi na tatu: elfu nne mia moja thelathini na tatu. Na kaya mia nne kumi na tatu, mtu wa tatu? Zidisha, ongeza. Elfu nne mia moja thelathini na tatu. Namba ile ile. Watu wawili wa nyumba mbili katika chumba kimoja, na mashine isingelalamika hata kidogo. Ingempeleka mmoja kijiji cha mwenzake na kuendelea.

Walikuwa wamejaribu kwa daftari la Ntalikwa, watu wa kando ya mji, baba, mama, na watoto wanaohesabika kwa vidole. Na yeye mwenyewe alikuwa amepima kaya kwa nyumba yake ya Isevya yenye watu sita. Usinge kaya moja ni ua mzima: wake, wakwe, wajukuu, na mjomba aliyekuja kutembea mwaka juzi.

"Kornel!" Alisukuma kuli, akasukuma kuku. "Kaka Kornel! Si kumi! Ni mia!"

Kichwa cha Kornel kilitoka dirishani. "Nini?"

"Kuzidisha! Zidisha kwa mia, si kwa kumi! Kaya zina watu zaidi ya tisa!"

Alimwona anaelewa, aliona macho yake yanafumbuka. Kornel alifungua bahasha, akakata uzi kwa meno. Kengele ya pili ikalia.

"Vyumba je?" alipiga kelele. "Fomu imeshatiwa sahihi! Itatosha?"

Kuluthumu alifumba macho. Kaya ya mwisho kwenye mkanda ilikuwa elfu kumi na nne mia tatu na sita. Mara mia: milioni moja na laki nne na kitu. Chumba kinabeba mpaka milioni nane.

"Inatosha! Chumba ni kile kile! Ukurasa wa nne, mstari wa kumi na mmoja! Rudia!"

"Wa nne, mstari wa kumi na mmoja! Kumi iwe mia!"

Filimbi ikapigwa. Behewa likashtuka, likaanza kujivuta. Kuluthumu alianza kurudi nyuma, mkono kifuani, na ndipo alipokumbuka upande wa pili. Ukiingiza kwa mia, lazima utoe kwa mia. Ukurasa wa saba kulikuwa na mstari wa kugawa. Kama ule ukibaki kumi, kila kaya ingetoka imevimba mara kumi, isifanane na kaya yoyote ya mkanda, na orodha ingetoka tupu.

Alikimbia. Aliinua gauni kwa mkono mmoja, akakimbia kandokando ya gari moshi mbele ya watu wa Tabora waliomjua tangu anavaa sare ya shule.

"Na kugawa! Ukurasa wa saba! Kugawa nako!"

Kornel alikuwa ameinamia karatasi. Aliinua uso, akaweka mkono sikioni. Moshi ukapita katikati yao. Behewa la mwisho likampita, taa yake nyekundu ikazunguka kona, na Kuluthumu akabaki mwisho wa jukwaa, akihema, bila kujua kama alikuwa amesikika.

*

Jumamosi alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi kituo cha kompyuta. Karani wa posta alimwambia huko hufungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu waya ulikuwa umeharibika mahali fulani kati ya Itigi na Dodoma. Alipika, akafua, akampiga Saidi kwa kosa la mdogo wake, akamwomba radhi. Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa mezani, na Ndugu Damas alikuwa ameleta kiti chake kutoka chumba cha pili bila kueleza kwa nini.

Saa nne na dakika ishirini simu ililia.

"Mama Saidi?" Sauti ya Kornel ilikuwa kama inatoka ndani ya mtungi.

"Ukurasa wa saba!" Kuluthumu alisema. "Ulinisikia?"

"Sikusikia kitu. Niliona mdomo tu, na mikono. Nikafikiri unanikumbusha kulala juu ya bahasha."

Kuluthumu alishika ukingo wa meza.

"Lakini," Kornel aliendelea, "nilikuwa na safari ya siku nzima na kalamu. Nikachukua ua wa baba yangu mdogo, Usinge, wako kumi na tisa. Nikawaingiza kwa mkono mmoja mmoja, nikawatoa. Baba mdogo akatoka na kaya isiyopatikana dunia hii. Nikarudi nyuma nikitafuta, nikaukuta huo mstari. Karibu na Kilosa hapo."

"Ukabadilisha."

"Nikabadilisha. Nikawaingiza tena wote kumi na tisa. Wakarudi nyumbani."

Kuluthumu aliketi. Ndugu Damas alikuwa akimwangalia mdomo. "Ilitosha?" alinong'ona.

"Ilitosha?" Kuluthumu aliuliza ndani ya simu.

"Ilitosha. Haikusimama hata mara moja. Ninayo orodha hapa mkononi, ndefu kama sanda, Mungu anisamehe. Nitapanda gari la leo jioni." Waya ukavuma. "Lakini sikiliza. Walioingia ni elfu moja mia tisa na kumi na wawili. Waliopata kijiji ni elfu moja mia nane sabini na mmoja."

Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi. Arobaini na mmoja.

"Ni kosa letu?" Kuluthumu aliuliza. "Sema kweli. Ni mimi, au ni mia?"

"Nililiangalia hilo kwanza. Hapana. Kaya zao hazimo kwenye mkanda kabisa. Aliyeandika uhamisho hakuwafikia. Watakuwa ndani sana, upande wa mizinga, au walitoka siku ya kuandikwa. Malori hayatawajua. Watabaki porini watu wengine wakiondoka, au watafuata ndugu popote."

Kuluthumu alivuta kwake daftari kubwa la Usinge, akalifungua, akatia kalamu wino. Ndugu Damas alikuwa amekwisha kusimama. Aliusogeza ufunguo wa Landrova mezani, mpaka ukagusa mkono wa Kuluthumu, kisha akachukua daftari la pili na kuketi nalo upande wa pili wa meza.

"Nisomee namba zao, kaka yangu. Polepole. Huku tunatafuta majina."

"Laki mbili, thelathini na moja elfu, mia nne na saba."

"Kaya elfu mbili mia tatu na kumi na nne," Kuluthumu alisema. "Mtu wa saba."

Ndugu Damas alifunua kurasa, akashuka kwa kidole, akasimama.

"Bernadeta," alisoma. "Binti Kashindye. Mara ya mwisho aliangaliwa Januari."

"Mwingine," Kuluthumu alisema.